Injini ya Marehemu Kwenye Ghala la Shayiri

Jumatatu, 8 Hamle

Siku kubwa! Injini ya marehemu Fikremaryam imeingia nyumbani kwangu. Imebebwa kwa minyororo na magogo ya mkalitusi, mimi nikitoa amri, wengine wakibeba. Imekaa kwenye ghala la shayiri. Shayiri imehamia chumbani. Mke wangu Yeshimebet anauliza yeye ahamie wapi. Sikumjibu. Mtu mwenye mipango hajibu kila kitu.

Mpango wenyewe: lori langu limekaa uani bila injini tangu nilipoachishwa udereva na yule tajiri wa nafaka. (Alisema niligonga geti lake. Geti lilikuwa mahali pabaya.) Naifungua injini hii, naisafisha, naifunga upya kwa mikono yangu, na mji mzima wa Debre Sina utaniita fundi.

Fikremaryam alikufa msimu wa mvua wa mwaka juzi. Alisimama ukunguni kwenye kona iliyo chini ya handaki la mlima Tarmaber, mahali ambapo hakuna dereva anayesimama, hata awe anaumwa. Lori likarudi kinyumenyume hadi bondeni. Mji ukasema alikuwa amelewa areke. Mjane wake Askale, tunayemwita Etiye kwa heshima, hajawahi kubishana na mtu juu ya hilo. Aliacha tu kusalimia.

Hakutaka malipo ya injini. Alitaka ahadi. "Siku ikinguruma, niite. Nataka kumsikia." Nikamsahihisha kwa heshima: kuisikia, Etiye. Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Jumanne, 9 Hamle

Nimepasua injini. Rahisi! Silinda hedi kule, sampu, lile bakuli la oili, huku, pistoni zimepangwa juu ya magunia kama mikate sokoni.

Jambo dogo. Nilipoweka kiganja ndani ya silinda ya kwanza, ilikuwa vuguvugu. Chuma kilicholala misimu miwili kwenye banda la baridi. Nikaweka kiganja tena. Vuguvugu. Harufu ilikuwa ya tumbaku na ile mitishamba ambayo watu huchovya kwenye kahawa. Nimeandika hapa kwamba ni jua. Ukweli ni kwamba jua hatujaliona tangu mwezi huu wa Hamle uanze.

Mchana ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Nikasikia lori linapanda mlima. La Kitaliano, la zamani, pumzi nzito, na ndani yake kitu kinagonga: ko... ko-ko. Likapanda, likapanda, likafika penye kona. Kimya. Halikuendelea. Halikurudi. Yeshimebet alifunga dirisha. Nikachungulia getini: Etiye Askale amesimama kando ya barabara, amejitanda netela yake nyeupe, ameelekeza sikio juu.

Sauti ile naijua. Kila mtu hapa anaijua. Ni sauti ya injini iliyopo ghalani kwangu, vipande vipande.

Jumatano, 10 Hamle

Nimegundua! Ni Habtewold.

Habtewold ana gereji pale chini ya stendi na hapendi ushindani. Ni wazi amerekodi lori mahali fulani na anapiga spika ili kunitia hofu. Nilimwendea nikamwambia usoni kwamba injini yangu itanguruma kabla jua la sikukuu ya Malaika Gabrieli halijazama. Akacheka mpaka akashika bomba la rejeta. Alisema hiyo ikitokea, ataniita Fundi Mkuu mbele ya kanisa zima. Isipotokea, nitaosha lori lake kila Jumamosi mpaka Mwaka Mpya.

Tukapeana mikono. Halafu, bila kuombwa, akaanza kunifundisha. Eti nifungue chujio la oili lililo ndani ya sampu nilisafishe. Eti gasketi ya silinda hedi iwekwe kavu, bila kupakwa kitu. Eti silikoni, ile gundi ya kuzibia sampu, iwe uzi mwembamba tu. "Usiimwage kama mchuzi juu ya injera, Shewa. Inayozidi hujikata, inaingia ndani."

Mpinzani akikupa ushauri, maana yake nini? Maana yake ufanye kinyume. Nimenunua silikoni ya buluu, nyingi.

Alhamisi, 11 Hamle

Mtego wa kumnasa Habtewold. Nilikwenda gerejini mchana, ukungu ukiwa mzito kama maziwa ya mgando, nikajifanya nataka kuazima spana. Nikakaa kando yake kwenye tairi. Nikaikodolea macho mikono yake. Mkono mmoja una kikombe cha kahawa, mwingine una kashata. Hakuna spika, hakuna waya.

Lori likaanza kupanda.

Ko... ko-ko.

Habtewold alijimwagia kahawa kwenye suruali na hakusikia moto wake. Akapiga ishara ya msalaba. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Shewa, umeshaiwasha?"

Nikamwambia injini haina hata kichwa.

"Basi yuko nani njiani?"

Tulitazama barabara kuu wote wawili. Inapita mbele kabisa ya gereji yake. Kila kinachopanda Tarmaber lazima kipite pale. Sauti ilipita. Tulihisi mpaka tairi tulilokalia linatetemeka, na ukungu ukagawanyika kidogo kama pazia mtu anapopita. Hatukuona kitu. Kwenye tope hapakuwa na alama.

Nilirudi nyumbani nikitembea upesi. Sikukimbia. Yeshimebet anadai nilikimbia.

Bado namshuku Habtewold. Mtu anaweza kujimwagia kahawa makusudi.

Jumamosi, 13 Hamle

Kazi inasonga, krenki na pistoni zimerudi ndani. Gasketi ya sampu ilikuwa imechakaa, na ya dukani haikupatikana. Nikatafuta kitu kigumu, kinene, kinachostahimili. Nikakipata kabatini: jalada la albamu ya harusi yetu. Nimelikata vizuri sana, hata matundu ya bolti.

Halafu silikoni. Chini ya jalada, juu ya jalada, pembeni. Iliyofurika nje nimeilainisha kwa kidole. Iliyofurika ndani siioni, kwa hiyo haipo.

Chujio sikulifungua. Lilionekana safi kwa nje.

Jioni Yeshimebet alifungua kabati. Kilio! Aliingia ghalani, akainama, akaona ukingo wa gasketi umechomoza, na kwenye ukingo huo kipande cha picha iliyogandia jaladani: jicho lake na nusu ya shela. Aliniuliza kama nimemfungia ndani ya injini ya maiti. Nikamweleza kwamba ni heshima, kwamba yeye ndiye anayezuia oili isivuje. Amehamia kwa dada yake. Shayiri imebaki.

Jumapili, 14 Hamle

Nilipotoka kanisani nilikuta krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imezunguka.

Naandika polepole ili nisikosee. Jana niliacha pistoni ya kwanza chini kabisa. Leo iko juu. Krenki ya lori haizungushwi na panya. Ghala lilikuwa limefungwa, ufunguo ninao shingoni. Niliirudisha chini kwa mtaimbo, ikakataa, halafu ikakubali ghafla na kutoa pumzi ndefu kupitia mdomo wa silinda. Pumzi ya mtu aliyepanda mlima.

Nikatoka nje nikanywa kahawa ya jirani. Vikombe vyote vitatu, cha kwanza mpaka kile cha mwisho cha baraka.

Jumanne, 16 Hamle

Yeshimebet amerudi, amekuja na kasisi. Masharti yake: ghala linyunyiziwe maji ya baraka au yeye haingii. Kasisi ni mkarimu, alinyunyiza kwa ndoo. Silinda zikajaa. Nilitumia asubuhi nzima kuzikausha kwa matambara na shuka la kitandani. Sijalitaja shuka.

Silinda hedi imekaa. Gasketi yake nimeipaka silikoni pande zote mbili. Kavu, anasema Habtewold! Bolti nimekaza kuanzia mwisho ulio karibu na kigoda changu kuelekea ule wa mbali. Watu husema uanzie katikati, lakini katikati hapafikiki ukiwa umekaa.

Imebaki bolti moja. Ndefu, nzuri. Nimeiweka mfukoni, ya akiba.

Mchana: ukungu, lori, kona, kimya. Etiye Askale alikuwa pale pale. Leo nilimkaribia nikamuuliza anasikiliza nini. Alisema anasubiri ajue kwa nini mumewe alisimama. "Mtu aliyelewa hapandi hivi, mwanangu. Sikia gia zake. Sikia anavyolibembeleza lori. Mlevi halibembelezi."

 Nikamwambia Ijumaa aje.

Ijumaa, 19 Hamle. Sikukuu ya Malaika Gabrieli

Imenguruma!

Lakini niandike kwa mpangilio.

Injini ilikuwa tayari ndani ya lori. Watu walijaa uani wakitoka kanisani, nguo nyeupe tupu. Habtewold alisimama mbele, mikono nyuma, uso wa mtu anayesubiri meza ivunjike. Etiye Askale aliletewa kigoda akakataa kukaa. Aliweka kiganja juu ya madigadi, kama mtu anayempima mtoto homa.

Niliwasha. Ikakohoa moshi mweupe, ikatikisa lori zima, ikashika. Vigelegele! Ilinguruma vizuri, sauti nene, tulivu. Nikamtazama Habtewold nikamngoja. Alifungua mdomo, na kweli neno "Fundi" lilitoka. "Mkuu" halikutoka, kwa sababu wakati huo injini ilianza kugonga.

Ko.

Ko-ko.

Taa ya oili ikawaka, nikaifunika kwa kidole gumba. Vigelegele vilikatika. Ukungu ulikuja kutoka juu ya mlima, mchana kweupe, ukamiminika juu ya ukuta kama maji, mpaka nikawa namwona Etiye Askale mkono tu, ule ulio juu ya madigadi. Sauti yake nikaisikia: "Ndivyo alivyokuwa akigonga wiki ile ya mwisho."

Na huko juu, barabarani, lori la pili likawa linapanda. Ko, la kwangu. Ko, la kule. Yakagonga pamoja. Kila mtu uani alisikia, siyo mimi peke yangu. Mama mmoja alianza kusali kwa sauti. Injini yangu ikapiga ukelele wa chuma kukamata chuma, ikazima. Papo hapo, kule penye kona, kimya.

Hakuna aliyesogea. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuaga. Katika nyumba ya Mhabeshi hiyo ni aibu, na hakuna aliyeijali.

Natambua pia kwamba ilinguruma kabla ya jua kuzama. Nimeshinda. Habtewold anasema kunguruma kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa siyo kunguruma.

Jumamosi, 20 Hamle

Habtewold alikuja mwenyewe na vifaa vyake. Nilimruhusu ashike spana. (Yeye ataeleza vingine.) Etiye Askale alikuwepo tangu asubuhi, amekaa juu ya gunia, hakutaka chai.

Sampu ilishuka kwa shida, nilivyoigandisha. Yeshimebet alijiona kwenye gasketi, ameloa oili mpaka nyusi, akaingia ndani. Habtewold akaingiza mkono akalitoa chujio. Lilikuwa limezibwa kabisa na minyoo ya silikoni. Ya buluu. Yangu. Alinitazama, akaanza kusema, na mimi nikaanza kueleza juu ya ubora wa viwanda vya siku hizi.

Akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anaendelea kukwangua. Chini ya minyoo ya buluu kulikuwa na mingine, migumu, imekaa humo muda mrefu. Myekundu.

Etiye Askale aliuliza ile myekundu ni ya nani.

Habtewold aliapa kwa Malaika wa jana kwamba gerejini kwake haijawahi kuingia nyekundu. Alisema Fikremaryam aliacha kumletea lori mwaka ule wa mwisho, walikuwa wamegombana.

Yule mama alinyoosha netela yake akatafuta pindo. Kulikuwa na doa. Dogo, jekundu, kama mbegu ya pilipili. Alisema Fikremaryam aliifunga injini mwenyewe, uani kwao, wiki moja kabla ya safari ile, kwa hasira na Habtewold. Alijaza silikoni mpaka ikachuruzika. Alifurahi kwamba haivuji hata tone.

"Mimi ndiye niliyemshikia taa," alisema. "Nimelifua doa hili mpaka kitambaa kimetoboka."

Habtewold, ambaye ana ulimi kwa kila jambo, alilipangusa chujio kwa tambara. Baadaye akaeleza taratibu, akitazama chini: oili hainyonywi, krenki inakauka, inagonga, inakamata. Mlimani injini ikikamata ghafla, breki za upepo za lori la zamani nazo hazichelewi kuishiwa upepo. Hakuna dereva angeweza kufanya kitu.

"Basi hakusimama," akasema Etiye Askale. "Lilimsimamisha."

Akainuka. Ukungu ulikuwa umeshafika getini, kama uliitwa. Tulimfuata mpaka barabarani, mimi, Yeshimebet na Habtewold, kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki na injini ile peke yake. Sauti ilikuwa tayari inapanda. Ikatupita, upepo wake ukatupiga usoni, wa joto, wenye harufu ya tumbaku. Ikakaribia kona. Mama yule akaita, siyo kwa kelele, kama mtu anavyomwita mwenzake chumba cha pili:

"Fikre! Hukulewa. Nimejua. Wote wamejua. Panda, baba."

Ikafika kwenye kona. Nilisikia, naapa, mguu unaachia klachi. Gia ikabadilika. Kile kilichokuwa kinagonga kikaacha kugonga. Lori likapita kona, likavuta, likaingia kwenye handaki, mlio ukawa mzito mle ndani kama mtungi unaopigwa makofi, halafu mwembamba, halafu likatokea upande wa pili wa mlima na hatukulisikia tena.

Etiye Askale alitusalimia sote, mmoja mmoja, kwa majina. Habtewold alilia wazi wazi. Yeshimebet alinishika mkono.

Mimi nilikuwa nafikiri.

Alhamisi, 25 Hamle

Nimepata jibu! Marehemu alitumia nyekundu. Mimi nilitumia buluu. Makosa yote mawili ni ya rangi. Nyekundu ni ya pikipiki, buluu ni ya magari madogo. Lori linataka nyeusi. Nimenunua katoni.

Habtewold alinikuta nimeibeba. Aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama siku ile nilikuwepo. Nikamwambia nilikuwepo na nilijifunza mengi, hasa kuhusu rangi. Akasema atanifungia injini yeye mwenyewe, bure, kwa ajili ya Fikremaryam. Bure! Hapo nikajua kabisa anaogopa.

Krenki niliisugua kwa msasa na majivu ikang'aa. Beringi nilizigeuza, upande uliochoka ukaenda nyuma.

Jumamosi, 27 Hamle

Nimeosha lori la Habtewold. Siyo kwa sababu nilishindwa. Nilikuwa nachunguza jinsi anavyofunga sampu zake. Uzi mwembamba wa silikoni, ndiyo kweli. Ubahili tu.

Jumatano, 1 Nehase

Mwezi mpya, na mfungo umeanza. Mchuzi wa shiro bila siagi, na Yeshimebet hasemi nami, kwa hiyo nyumba imetulia na kazi imekamilika. Injini imefungwa! Silikoni nyeusi kila mahali panapokutana chuma na chuma, na mahali pengine ambapo hapakutani. Haivuji hata tone.

Na chujio? Hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Nimeling'oa kabisa. Kisichokuwepo hakizibi.

Iliwaka kwa mara moja. Sauti safi, haigongi. Kesho nina mzigo wa dengu wa kupeleka Debre Berhan, kupitia Tarmaber.

Mchana ukungu ulishuka, wa kwanza tangu siku ile. Nilikuwa nakaza kiti cha dereva. Nikasikia lori linapanda. Halikuwa lile la Fikremaryam. Hili lilikuwa na sauti safi, jipya, linapanda kwa majivuno, dereva anakanyaga mafuta bila sababu. Likafika kwenye kona. Kimya.

Niliinua kichwa. Etiye Askale alikuwa getini kwangu, sijui tangu saa ngapi, amejifunika mpaka midomo. Alisema yeye lori hili halijui. Alisema hili ni changa. Kisha akalitazama lori langu kwa muda mrefu, boneti lake, magurudumu yake, na kiti ambacho nilikuwa nimekalia.

"Shewangizaw, mwanangu," alisema, "kesho usiende."

Nyuma yake alisimama Yeshimebet, na hata yeye alisema neno, la kwanza kwa siku kadhaa. Alisema hilohilo.

Nimewaelewa. Habtewold amewafikia. Mtu aliyeshindwa kwa mkono sasa anatumia wanawake, na ile spika yake mwishowe kaipata.

Kesho saa moja asubuhi napanda. Silikoni iliyobaki nimeikamulia kwenye kifuniko cha oili, kuzunguka chote, isiharibike bure.